Usijikaze mbele ya daktari: maneno yangu kwa watu wetu kuhusu kuomba pesa za disabiliti hapa Marekani

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni, na wenzangu hamjambo. Asanteni kwa kubaki baada ya ibada, najua kuna watu humu wametoka kiwandani asubuhi hii na hawajalala bado, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichonileta. Nimeombwa niongee juu ya pesa za disabiliti, yaani za ulemavu, zile za Social Security, idara ya serikali kuu ya hifadhi ya jamii, namna ya kuziomba, na kwa nini watu wetu wanaumwa kweli kweli, jirani anaona, watoto wanaona, alafu barua inarudi imesema hapana.

Mimi si loya na si mfanyakazi wa serikali. Kazi yangu ni ukalimani, nakaa katikati ya mgonjwa na daktari, katikati ya mzee na ofisa, na kazi hii ina kiapo chake kwa hiyo hapa sitoi siri ya mtu, mifano yangu nimeichanganya makusudi. Ila nikiangalia maombi yanavyoenda, kitu kinachowaangusha watu wetu kuliko ugonjwa wenyewe, kuliko hata Kiingereza, ni kujikaza. Tumelelewa hivyo, mtu mzima halalamiki, mwanamke haangui kilio kwa ajili ya mgongo, na ukiulizwa habari unajibu nzuri. Nyumbani hiyo ni adabu na mimi siwaambii muiache. Lakini mbele ya daktari hapa inakugharimu, na nitawaeleza kwa namna gani.

Mama anaingia kliniki. Asubuhi hiyo ameshindwa kuinama, mjukuu ndiye amemfunga kamba za viatu, kwenye gari amekaa kiupande upande njia nzima. Daktari anaingia anamuuliza unajisikiaje leo, mama anatabasamu anasema salama tu, namshukuru Mungu. Mimi natafsiri nilichosikia, siwezi kuongeza. Daktari anaandika kwenye kompyuta mgonjwa anasema yuko vizuri. Sasa hayo maneno hayafutiki, yanakaa kwenye faili, na siku yule mama akiomba disabiliti, mtu ambaye hajawahi kumuona hata sura atafungua faili lile na kusoma kwamba tarehe fulani mgonjwa alisema yuko vizuri, na tarehe nyingine yuko vizuri, na nyingine tena. Huyo ndiye anaamua. Haoni viatu, haoni mjukuu, anaona karatasi tu.

Basi shukuru Mungu, alafu endelea. Sema namshukuru Mungu nimeamka, ila usiku nimelala masaa mawili, mguu wa kushoto unakufa ganzi nikisimama kuosha vyombo, wiki hii nimeanguka bafuni. Huko si kulalamika, huko ni kutoa ushahidi, na huo ni ukweli wako mwenyewe. Sisemi mtu aongeze hata tone, kudanganya serikali ni kosa la jinai na mtu anaweza kufungwa. Nasema usipunguze.

Tuje kwenye pesa zenyewe manake watu wanachanganya. Kuna mifuko miwili na Social Security ndiyo inasimamia yote. Mmoja unaitwa SSDI, huo ni wa mtu aliyefanya kazi. Kila malipo yako ukiangalia karatasi utaona wamekata asilimia 6.2 ya Social Security, ile haijapotea, inakujengea pointi, na mwaka mmoja unapata pointi nne sio zaidi. Kwa kawaida wanataka pointi 40, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka kumi ya mwisho kabla hujashindwa kazi, ila kijana anahitaji chache. Kwa hiyo kaka uliyebeba nyama kiwandani miaka kumi na mgongo umekataa, wewe hiyo ni haki yako ya jasho, usione aibu kuidai. Huu mfuko umekuwepo tangu 1956, wakati wa rais Eisenhower, na wamarekani wenyewe wanaudai bila aibu yoyote.

Mfuko wa pili ni SSI. Huu hauulizi ulifanya kazi miaka mingapi, unauliza una nini mkononi. Ni wa mtu mwenye ulemavu au asiyeona, au aliyefika miaka 65 hata kama hana ulemavu, lakini awe na kipato kidogo na mali isiyozidi dola 2,000, au 3,000 kama ni mume na mke. Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari moja halihesabiwi. Mwaka 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 1,450 kwa mume na mke, na majimbo mengine yanaongeza kidogo. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa naye anaweza kupata SSI, wanapima kipato cha wazazi, na akifika miaka 18 wanamuangalia upya kwa sheria ya watu wazima. Nawaomba sana wazazi wenye mtoto ambaye hajaanza kuongea, au wa kifafa, au wa otizimu, msimfiche ndani. Hapa hakuna atakayesema mmelogwa.

Alafu wao neno disabiliti wanalielewa tofauti na sisi. Hakuna nusu ulemavu. Wanauliza je, mtu huyu anaweza kufanya kazi yoyote ya maana, sio ile yako ya zamani peke yake, na je hali hii imedumu au itadumu angalau miezi 12 au itamuua. Na kazi ya maana wanaipima kwa pesa unayoingiza kwa mwezi kabla ya kodi, mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya dola 1,620, ukiwa unapata zaidi ya kiwango chao hawafungui hata ukurasa wa pili, ingawa kwa asiyeona kiwango kiko juu zaidi. Umri una uzito pia, mtu aliyevuka 50, na hasa 55, ambaye maisha yake yote amefanya kazi za nguvu na hakusoma sana, sheria inamuelewa zaidi kidogo kuliko kijana wa 30. Lakini kutojua Kiingereza peke yake siku hizi haihesabiwi, waliitoa hiyo mwaka 2020, kwa hiyo usitegemee mtu akwambie utapata kwa sababu hujui lugha.

Kuomba kwenyewe unaweza kupiga simu Social Security, 1-800-772-1213, au kwenda ofisini, au kwenye intaneti. Mimi nawashauri simu ipigwe mapema, hata kabla karatasi hazijakamilika, manake kwa SSI siku ile uliyosema nataka kuomba inaweza kushikiliwa kama siku yako ya kuanzia mradi ukamilishe maombi ndani ya muda watakaokupa, na SSI hailipi miezi ya nyuma kabla ya kuomba. Mtu anakaa mwaka mzima anangoja apate barua ya daktari nzuri, ule mwaka umekwenda bure. SSDI yenyewe inaweza kurudi nyuma mpaka miezi 12 kabla ya siku ya kuomba, ila kuna miezi mitano ya mwanzo ya ulemavu ambayo hawailipi. Na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, kwa mtu wa SSDI inakuja baada ya miezi 24 ya kuwa na haki ya malipo, na mtu wa SSI sehemu nyingi anapata Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Mkalimani ni bure. Narudia, bure, ofisi ya Social Security inampa mtu mkalimani bila kulipa, na hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Acheni kupeleka watoto. Mtoto wa miaka 12 hawezi kumtafsiria daktari kwamba mama yake haendi tena haja vizuri, au kwamba alibakwa njiani. Mama hatasema, na akisema mtoto hatatafsiri, ataruka. Na ukiletewa mkalimani wa simu anaongea Kiswahili cha Unguja wewe wa Uvira kule Kongo humuelewi, sema simuelewi, omba mwingine. Mzee anayeota kwa Kibembe au Kifuliiru au Kinyamulenge, mwambieni ofisa hivyo, msimlazimishe Kiswahili kwa sababu tu ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi za kambi ya Nyarugusu au Nakivale. Na tukiwa hapo hapo, angalieni majina na tarehe. Nusu ya watu humu kwenye karatasi wamezaliwa tarehe 1 Januari, tunajua ilivyotokea kambini, asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo, lakini kama kadi ya Social Security inasema hivi na hospitali inasema vile, faili za matibabu hazitaonana na huyo mtu ataonekana hajawahi kutibiwa.

Baada ya hapo faili linatoka Social Security linaenda ofisi ya jimbo inayoitwa DDS, hao ndio wanakusanya karatasi za hospitali na kuamua, na inachukua kama miezi sita mpaka minane. Wao watakutumia fomu nyumbani ya kueleza siku yako inavyokwenda tangu unaamka mpaka unalala. Hii fomu ndugu zangu ndiyo naililia. Watu wanaipa kijana aijaze jioni ile ile mbele ya tivii, ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo, imeisha.

Swali linasema je, unapika. Mama anajibu ndiyo. Ukimuuliza sasa mimi, mama unapikaje, anasema namuita binti ananishushia sufuria, nakaa kwenye kiti napanga mboga, kusonga ugali siwezi tena mkono umekosa nguvu, anasonga yeye, na mchele unaungua kwa sababu nikienda kulala kidogo nasahau. Hiyo yote iliandikwa ndiyo! Swali linasema unaenda kanisani, wanajibu ndiyo kila Jumapili. Ni kweli anaenda, lakini anachukuliwa na gari, anakaa nyuma karibu na mlango, anatoka kujinyoosha mara tatu, na Jumatatu yote analala. Andikeni hivyo. Kama nafasi haitoshi ongezeni karatasi. Semeni unasimama dakika ngapi kabla ya kutafuta pa kukaa, unanyanyua nini, galoni ya maziwa unaweza au huwezi, ngazi unapandaje, nani anakuogesha. Na elezeni siku mbaya, ni ngapi kwa wiki, na siku hizo inakuwaje, manake kazini hawaajiri mtu wa siku nzuri tu.

Na magonjwa ya kichwani. Hapa najua watu wanainamisha macho. Tumetoka Kivu, tumetoka Ituri, kuna waliotoka Burundi, kuna vitu tuliona ambavyo hatuviongelei hata na wake zetu. Mtu halali, akisikia fataki za Julai 4 anaingia chini ya kitanda, kazini akisukumwa kwa bahati mbaya anataka kupigana, ameshafukuzwa kazi tatu na familia inasema ana hasira. Huo ni ugonjwa na Social Security wana kipengele chake kabisa kwenye orodha yao ya magonjwa, kiwewe cha mtu aliyepitia ukatili. Lakini wanataka karatasi ya daktari au mwanasaikolojia, wanataka waone umehudhuria, miezi na miezi. Maombi ya kanisa tutaendelea nayo na mimi nayaamini, ila mchungaji hawezi kusaini ripoti ya hospitali. Nendeni kote kuwili. Hata wa mgongo na kisukari na presha, usipoenda kliniki faili lako liko tupu, na faili tupu wanalisoma kama la mtu asiyeumwa. Kama umekosa apointimenti kwa sababu ya usafiri au pesa, mwambie daktari aandike sababu hiyo. Na wakikupangia daktari wao wa kukupima, wanalipa wenyewe, usikose siku hiyo, ukikosa bila kutoa sababu wanaweza kukukatalia kwa hilo tu.

Kuna hili la pesa za watu. Sisi tuna harambee, tuna likelemba, tuna upatu, na mara nyingi mama anayeaminika ndiye anatunza. Msiba unatokea, watu wanamtumia mama mmoja michango kwenye simu na akaunti yake ili mwili upelekwe nyumbani, dola elfu nane zinapita pale. Kama huyo mama yuko kwenye SSI, zikilala kwenye akaunti yake mpaka tarehe moja ya mwezi unaofuata, Social Security wanaona mtu mwenye dola elfu nane, na yeye anatakiwa asizidi 2,000. Hawajui msiba. Itakuja barua ya kudai arudishe malipo, na kuthibitisha kwamba pesa haikuwa yake ni shughuli. Kwa hiyo tusimuweke mtu wa SSI kuwa mweka hazina, jamani, hata kama ndiye mwaminifu kuliko wote. Na mtu akipata kazi, hata ya masaa machache, atoe taarifa, akihama atoe taarifa, akiolewa atoe taarifa. Akisafiri pia, manake ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo SSI inasimama, na ukirudi lazima ukae siku 30 zingine ndipo irudi. Nimesikia watu wanaenda Nairobi au Bujumbura miezi mitatu kimya kimya na kadi ya benki amebaki nayo mtoto. Hilo deni litakuja.

Sasa barua ya hapana. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya waombaji, weusi kwa weupe, wenye Kiingereza na wasio nacho. Kwetu ofisi ikisema hapana imesema, mtu anakunja barua anaweka chini ya godoro. Hapa hapana ya kwanza ni mlango wa rufaa na una siku 60 tangu upokee barua, na wao wanahesabu kwamba umeipokea siku ya tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kwanza unaomba waangalie upya. Wakikataa tena unaomba jaji, na hapo ndipo watu wengi wanapata nafuu kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna binadamu anakuona, anakuuliza, anaona unavyokaa. Baada ya jaji kuna baraza la rufaa, alafu mahakama ya serikali kuu. Kosa kubwa ninaloona ni mtu kuacha siku 60 zipite na kuomba upya kutoka mwanzo, anapoteza tarehe yake na pesa za nyuma, na faili jipya linakataliwa kwa sababu ile ile.

Kwenye hatua ya jaji tafuteni loya. Loya wa disabiliti haumlipi mwanzoni, ukishinda anachukua asilimia 25 ya malipo ya nyuma, na kwa kawaida isizidi kiwango cha juu kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Usiposhinda halipwi ada. Kuna pia mawakili wa msaada wa kisheria ambao hawachukui chochote. Mtu wa kwetu yeyote anayewaambia mumpe dola 500 mkononi ili akujazieni fomu na anamjua mtu ndani, huyo ni tapeli, hata kama anatoka kijiji chako.

La mwisho ni la wakimbizi, na hili linauma manake linawakuta wazee. Mkimbizi anapewa SSI miaka saba tu tangu alipopata hadhi, ikiisha na hajawa raia inakatwa, hata kama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Sheria ilipitishwa 1996 ikiwa miaka mitano, 1997 wakaifanya saba, na bado ipo. Wale wa grinkadi ya loteri, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu ya bahati nasibu, kwenu ni tofauti na ngumu zaidi, kwa kawaida SSI haifunguki mpaka zitimie pointi 40 za kazi, zako au ukichanganya na za mwenzi wako, na miaka mitano iwe imepita. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba uraia akitimiza miaka mitano, kwa hiyo una kama miaka miwili katikati, na maombi ya uraia nayo yanachelewa. Usisubiri mwaka wa saba.

Najua mtasema bibi hawezi kujifunza Kiingereza, hawezi kukumbuka majina ya marais wanayouliza kwenye mtihani wa uraia. Kama ni kwa sababu ya ugonjwa, kiharusi, kusahau, kiwewe, kuna fomu inaitwa N-648, daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni anaijaza kueleza ugonjwa huo unamzuia vipi kujifunza, na ikikubaliwa bibi anasamehewa Kiingereza na mtihani wa historia. Lazima daktari aeleze kwa undani, akiandika tu mgonjwa ni mzee hajasoma wanakataa, uzee na kutosoma si ugonjwa. Na hapo tunarudi kwa daktari yule yule, kama bibi miaka yote amekuwa anamwambia salama tu, daktari ataandika nini? Anayepokea SSI anaweza pia kuomba asamehewe ada ya uraia.

Nimeweka meza pale nyuma karibu na jikoni, dada zetu wawili watanisaidia. Wenye barua za kukataliwa njooni kwanza, tutazipanga kwa tarehe na yenye siku chache zilizobaki ndiyo itashughulikiwa mbele hata kama mwenyewe amefika wa mwisho, msikasirike. Wenye wazee waliofika mwaka wa tano, kaeni upande wa dirisha na grinkadi zenu mkononi. Na mwenye ile fomu ya maisha ya kila siku asiijaze peke yake leo usiku, ailete, tukae naye.